Mkutano wa Jumanne, kilimani Nabugoye

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji. Wekesa karudi kutoka Mbale, na badala ya kuniletea ndizi kaniletea fumbo.

WEKESA: Ndizi ziliishia Malaba, dada, tusilaumiane. Fumbo lenyewe: una chama cha ushirika, wanachama ni Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Mkutano utauitisha siku gani?

MWANAIDI: Ijumaa hapana. Jumapili hapana.

WEKESA: Na Jumamosi ni Sabato. Zimebaki nne. Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, watu wanaishi na hesabu hiyo.

MWANAIDI: Ngoja kwanza. Wayahudi, Mbale? Walikuja lini?

WEKESA: Hawakuja, ni wenyeji. Wanaitwa Abayudaya, Kiganda hicho, maana yake Wayahudi tu. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki, akitarajia watampa ufalme. Wakamzungusha weee.

MWANAIDI: Katumwa kuwinda, nyama kala mwenye bunduki.

WEKESA: Akageukia Biblia. Mwaka 1919 akatahiriwa, na wanawe pia. Inasimuliwa alipoambiwa hayo ni mambo ya Kiyahudi, akajibu: basi kuanzia leo sisi Wayahudi.

MWANAIDI: Mganda kutahiriwa! Halafu yuko Bugisu, huko huko Mbale, kwa mabingwa wa jando.

WEKESA: Bugisu ni kama kwetu Bungoma. Miaka shufwa, kijana anasimama mbele ya umati na hapepesi jicho. Abayudaya wao mtoto anatahiriwa siku ya nane, hajui hata kinachoendelea. Mimi niliyesimama nimepakwa matope mwili mzima nilikuwa na la kusema hapo. Nikanywa chai.

MWANAIDI: Na Amin aliwaacha?

WEKESA: Thubutu! Dini yao aliipiga marufuku. Waliosalia imara waliomba mafichoni, wengine wakaenda msikitini au kanisani.

MWANAIDI: Marehemu baba yangu mdogo alikuwa JWTZ, jeshi la Tanzania lililomng'oa Amin. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, nyumbani tarehe hiyo tunaijua kama siku ya kuzaliwa.

WEKESA: Nimeangalia kalenda. Jua lilipozama siku hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza. Sikukuu ya kutoka utumwani Misri.

MWANAIDI: Usiniambie! Na ba' mdogo kafa bila kujua. Yeye hadithi zake zote zilikuwa buti zilizomchubua na matope ya Masaka.

WEKESA: Sasa ushirika. J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa huko, alikuwa New York kwenye yale majengo pacha asubuhi ya Septemba 11, mwaka 2001. Akanusurika. Aliporudi akawaendea majirani, Waislamu kwa Wakristo: kahawa yetu tuiuze pamoja. Mwaka 2004 wakaanzisha Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

MWANAIDI: Amani tamu, kahawa chungu.

WEKESA: Ungeona wanavyopokea mzigo. Matunda mekundu yanamiminwa kwenye ndoo ya maji, mabovu yanaelea, yanachotwa kando. Nimemkuta mama mwenye hijabu na mzee mwenye kipa, ile kofia ndogo ya utosini, wanabishania tunda moja. Mama anasema limezama. Mzee anasema limezama nusu.

MWANAIDI: Nani alishinda?

WEKESA: Mama alilila. Akatema mbegu ndooni.

MWANAIDI: Huyo nimempenda. Lakini watu wakifika huko si huuliza kama ni Wayahudi kweli?

WEKESA: Swali hilo limenichosha. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Marekani, akapata daraja la urabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Kura za Abayudaya peke yao hazitoshi kumpeleka mtu bungeni. Majirani walimpigia. Halafu kuna hili: Kakungulu alikuwa amefuata Wamalaki, watu waliokataa dawa za hospitali. Leo jumuiya aliyoianzisha ina kituo cha afya pale Mbale, kinatibu yeyote anayeingia.

MWANAIDI: Mzee angekasirika.

WEKESA: Angepanga foleni kama wengine.

MWANAIDI: Haya, turudi kwenye fumbo. Mkutano uliwekwa lini?

WEKESA: Jumanne.

MWANAIDI: Na ukafanyika?

WEKESA: Mvua ya Elgon, dada. Umesogezwa Alhamisi.