Bwawa la mafuriko kazi yake ni kukaa tupu

Ndugu wajumbe wa kamati, tuanze na lile linaloleta ubishi vijijini. Lambo la mifugo tunataka lijae. Bwawa la mafuriko tunataka likae tupu, maana likishajaa, mvua inayofuata hailikuti na nafasi.

Tupige hesabu. Bonde linakusanya maji ya kilomita 2 za mraba, usiku mmoja inanyesha milimita 50, na tuseme asilimia 40 inatiririka. Hizo ni mita za ujazo 40,000. Bomba la kipenyo cha sentimita 30 lililopita chini ya tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji, kina cha maji kikiwa mita 3, litazitoa kwa siku mbili hadi tatu. Kiangazi kikikaza, mtu huliziba kwa kiroba cha mchanga ng'ombe wapate kunywa, na masika yanalikuta bwawa limejaa. Wachimbieni ng'ombe lambo lao pembeni.

Sasa tuta. Ondoeni majani, mizizi na udongo wote wa juu. Chimbeni mtaro wa kiini, yaani mfereji chini ya katikati ya tuta, hadi kwenye udongo mfinyanzi mgumu au mwamba, mujaze udongo mfinyanzi. Kila tabaka la sentimita 15 hadi 20 lishindiliwe kabla ya jingine kumwagwa. Finya tonge mkononi: likitoa maji, udongo umelowa mno, likimeguka vumbi, nyunyizia. Kisha tumbukiza bonge kavu kwenye glasi ya maji safi, usiliguse. Likizungukwa na wingu kama maziwa, udongo huo usiutumie, hata kama uko karibu na lori ni ghali. Mteremko uwe 3 kwa 1 upande wa maji, yaani mita 3 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo, na nyuma usipungue 2 kwa 1.

Mahali pa kuogopa ni kandokando ya bomba. Chini ya tumbo lake rola haifiki, kwa hiyo shindilieni kwa mkono, na sehemu ya nyuma izungushiwe mchanga safi wa kuchuja. Maji yanayovuja nyuma yakiwa maangavu, yapimeni kila wiki. Yakitoka na tope, udongo unahama ndani ya tuta: toeni maji bwawani na waondoeni watu walio chini siku hiyohiyo.

Utoro wa maji, yaani njia ya kupitisha maji yanayozidi, uchimbwe kwenye ardhi asilia ubavuni, sakafu yake ikiwa mita 1 chini ya kichwa cha tuta. Hatari ya tuta kupasuka si hadithi: kule Solai, Nakuru, Kenya, usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba lilipasuka, wakafa watu zaidi ya 40.

Katikati, tuta lipandishwe asilimia 5 hadi 10 ya ziada, kwani litazama. Halafu muitazame njia ya ng'ombe. Kwato zikichimba kijia cha sentimita 20 kichwani, hapo ndipo maji yatakapovukia tuta kwanza, mafuriko makubwa yakiuzidi utoro. Kijazwe na kushindiliwa kabla ya masika, na ng'ombe wapitishwe kwingine.