Baba Yangu, Mpishi wa Kombania

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari zenu. Nimeombwa nizungumzie Vita vya Kagera, nami nimechagua kumzungumzia askari mmoja tu: marehemu baba yangu, aliyekuwa mpishi wa kombania.

Vita yenyewe mnaijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakateka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera na kulilipua daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Baba alikuwa Tabora. Alipanda treni hadi Mwanza, akavuka ziwa hadi Bukoba, na kutoka hapo sehemu kubwa ya safari ilikuwa mguu kwa mguu: Masaka, kisha Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979.

Makamanda wametajwa sana, na wanastahili. Lakini jeshi lile lilitembea, na mtu anayetembea lazima ale. Baba alisema kilichomsumbua zaidi kule ni moto. Mchana moshi unakusaliti, usiku mwanga unakusaliti zaidi. Basi alichimba shimo, akapikia humo kabla hakujapambazuka, kwa kuni kavu tupu, maharage yakiwa yamelowekwa tangu jana yake. Mvua ikinyesha, koti la mvua lilifunika kuni, yeye akalowa.

Aliporudi aliendelea kupika, na alipika nje, chini ya mwembe. Majirani walishangaa kuona mwanamume ameshika mwiko nyumbani kwake. Mama hakushangaa hata kidogo. Siku za Jumapili alimwachia sufuria akaenda zake kanisani.

Na pori, ndugu zangu! Mvua za kwanza zikinyesha Unyamwezi, baba hakukalika nyumbani. Alituamsha alfajiri twende kwenye miyombo kutafuta uyoga, hasa ule unaoota kwenye vichuguu. Sharti lake moja: uyoga ambao hakuna mtu mzima pale anayeujua, hauingii kikapuni, hata uwe mzuri vipi. Tukirudi, aliuosha mara kadhaa mpaka mchanga uishe, akauchemsha, ndipo akamimina karanga zilizotwangwa. Hapo hakuruhusu mtu amsemeshe. Alikoroga polepole, mwiko ukigusa chini ya sufuria, kwa sababu karanga zikishika chini zimeharibika zote. Mafuta yakielea juu, aliepua.

Alikuwa na mizinga ya nyuki pia. Mizinga ya magome aliikataa, kwa kuwa mti ukishachunwa gome lake pande zote unakufa, na hao nyuki watakula maua ya nini? Alichonga magogo. Kila alipolina, aliwaachia nyuki sehemu ya masega.

Vita hakuisimulia kwa kupanga. Ilitoka kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye moto. Alikuwa na rafiki wa platuni yake ambaye amezikwa kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, kule Muleba. Katika maisha yangu yote sikumsikia baba akieleza jinsi alivyokufa. Alichosema ni kwamba rafiki huyo hakupenda pilipili, kwa hiyo baba alimtengea mboga yake pembeni kabla ya kuitia. Kwangu mimi hiyo ni historia kamili ya vita, na inaniuma kwamba haijaandikwa popote, kwa sababu waliokuja kumhoji baba walimuuliza habari za silaha tu.

Wazee wetu wa Kagera wanapungua kila mwaka. Wapo wachache humu ndani, nimewaona mstari wa mbele, na asanteni sana kwa kuja. Vijana, simu zenu zinarekodi sauti. Tukimaliza hapa kuna chai. Kaeni nao, muwaombe ruhusa, muwaulize nani aliwapikia, walikula nini Masaka, na nani walikula naye sahani moja.