Mwacheni Mbwa Aje Mwenyewe

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Nashukuru mmekuja, maana wapo walioniuliza mjini hapa Morogoro kama kweli watu wazima watakaa wasikilize habari za mbwa mwoga. Mmekaa. Basi niwaambie ya Watasema.

Jirani yangu mmoja alihama akamwacha mbwa jike amefungwa kwenye mwarobaini. Jina ndilo hilo, Watasema. Mnayajua majina tunayowapa mbwa ili majirani wayasikie. Nilipomfungua, shingo haikuwa na manyoya, mnyororo ulikuwa umeyala yote. Nikadhani ugali, maji na kivuli vitamtosha. Asubuhi ya pili nikachukua fagio la chelewa nifagie uwanja. Yule mbwa alilala chini, akajikunyata, akajikojolea hapo hapo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii tunaisema juu ya watu, lakini mbwa naye ndivyo alivyo. Ule mkojo haukuwa utovu wa adabu. Mwili wake ulikuwa umezidiwa. Ningemchapa siku ile ningekuwa namwambia: ni kweli, fagio ndilo hilo unalolijua.

Sikumchapa, ila nilikosea kwa njia nyingine, na kosa hili nalisema kwa sababu wenye huruma ndio tunaolifanya. Nilimfuata bandani. Nikainama mlangoni, nikanyoosha mkono, nikamwita kwa sauti ya upole. Akarudi nyuma mpaka pembeni, akalamba pua yake mara mbili, akageuza uso nikauona weupe wa jicho, kisha akanguruma. Mimi nilijiona naleta upendo. Yeye aliona mtu mkubwa ameziba mlango.

Jambo nililokuja kuwaambia leo ni hili: mbwa mwenye hofu mpeni kwanza njia ya kuondoka. Akishajua anaweza kuondoka, ndipo ataanza kufikiria kubaki. Umbali kati yako na yeye ni mali yake. Ukiupunguza wewe, umemnyang'anya. Akiupunguza yeye, amekupa.

Nilivyofanya baadaye ni hivi. Nilitandika mkeka uani, mbali na banda, nikakaa nimempa ubavu, simtazami machoni. Nikarusha dagaa mmoja mkavu kumwelekea. Hakula. Mbwa mwenye njaa akikataa dagaa, shida si dagaa, mko karibu mno. Nikausogeza mkeka nyuma hatua nne. Nikarusha tena, nikageuka upande wa pili. Nikasikia kucha zake kwenye sakafu ya saruji, halafu kutafuna. Nilitamani sana kugeuka nimwone. Sikugeuka.

Ikawa kazi ya kila jioni, dakika kumi tu, kisha naondoka kabla hajachoka. Siku nyingine alirudi nyuma kuliko jana, kwa sababu pikipiki ilipita au mgeni alikuja. Siku kama hizo na mimi nilirudi nyuma. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha nilipohisi kitu chenye unyevu kwenye kisigino. Ilikuwa pua yake. Nilibana pumzi, nikaiacha inuse mpaka ilipomaliza.

Baada ya hapo tukaanza habari ya fagio, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu mpangilio ndio kila kitu. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akisikia mlio na mara chakula kikafuata, na hilo likarudiwa, mwisho mlio peke yake unamtoa mate. Mlio unatangulia, chakula kinafuata. Kwa hiyo fagio lionekane kwanza, mbali, limeegemezwa ukutani, ndipo dagaa wadondoke. Fagio likiondoka, dagaa nao wamekwisha. Ukiugeuza mpangilio, ukampa dagaa kwanza halafu ukatoa fagio, umemfundisha kwamba dagaa ni dalili ya balaa. Nimeona mbwa wanaokimbia hata mkono wenye nyama kwa sababu hiyo.

Na sisi wa Morogoro mambo haya tunayo mlangoni. Panya buku wanaofunzwa na shirika la Apopo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini wanafunzwa kwa mlio mdogo na tunda la ndizi, si kwa fimbo. Tena wanaanza wakiwa wachanga, wanazoeshwa watu, sauti na harufu za kila namna. Mbwa naye dirisha lake la kuzoea mambo liko wazi kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili hadi kumi na nne. Kijibwa kinachokua kimefichwa nyuma ya nyumba wakati huo, kisimwone mtoto wala mwendesha baiskeli, kitawaogopa baadaye hata kama hakuna aliyekigusa.

Kijana pale mbele ameuliza: akinguruma nimnyamazishe? Hapana, ndugu yangu. Kunguruma ni hodi. Ukimpiga kwa kunguruma ataacha kunguruma, hofu itabaki ndani, na siku moja atauma bila kubisha. Rudi nyuma, umshukuru moyoni kwamba amekuambia.

Mama mmoja ameuliza, kwa heshima kubwa, afanyeje yeye Mwislamu ambaye hataki mate ya mbwa yamguse. Mama, njia hii inakufaa kuliko wengi wetu. Chakula kinarushwa chini, hakitoki mkononi. Mbwa haguswi. Mbwa anaweza kukuamini maisha yake yote bila wewe kumpapasa, na wako wengi wasiopenda kupapaswa kabisa. Na ile hadithi ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, wewe unaijua kunishinda.

Jambo moja la daktari, na hili halisubiri. Mbwa aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, akawa anajificha au anauma, msianze na mkeka. Huenda ana maumivu, sikio limeoza, au ni kichaa cha mbwa. Mwiteni mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya kichaa ni kila mwaka. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, msimsubiri mganga.

Watasema bado yupo. Nikifagia, anahama anakwenda chini ya mwembe, analala akinitazama na kidevu kakiweka kwenye miguu yake. Hajalipenda fagio, na sijamwomba alipende. Wanaume wenye mabuti bado anawaogopa. Hao tunaendelea nao, kwa sasa wanasimama getini na mimi narusha dagaa.

Yule dada aliyesema mbwa wake hatoki chini ya gari tangu fataki za mwaka mpya, tuonane hapa nje tukimaliza. Usimvute kwa kamba. Nieleze kwanza anapenda kula nini, na usiku mtaa wenu unatulia saa ngapi.