Chumba cha Dakhalia: Maneno kwa Wanaokwenda Chuo Mwaka wa Kwanza

Assalaam alaykum. Wiki chache zijazo wengi wenu mtapanda boti hapo bandarini Mkoani kwenda Unguja. Habari za masomo mtapewa na wahadhiri huko huko chuoni Tunguu. Mimi nimeombwa nizungumzie chumba cha dakhalia, yaani bweni.

Kitanda mara nyingi ni cha chuma, cha juu na chini, na godoro lake ni futi mbili na nusu kwa sita. Mimi nilibeba la nyumbani, la futi nne. Nikalilipia mzigo kwenda, nikalilipia kurudi. (Kicheko.) Atakayelala juu achukue na kamba, maana chandarua chake hakina nguzo, kitaning'inia darini. Ndoo, kata na kufuli mtavikuta sokoni Darajani, msihangaike navyo.

Sasa soketi. Mko wanne, soketi mbili, na kila mtu ana simu. Lakini simu si kitu. Soketi hizi zetu za pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, ni kama wati 3,000 tu. Birika peke yake laweza kula wati 2,000. Mwenzio akichomeka pasi kwenye waya ule ule wa eksitensheni, fyuzi ikikatika shukuruni Mungu, kwani isipokatika waya ndio utakaoyeyuka. Kwa hiyo mkikatazwa jiko la umeme na hita ya ndoo, msiseme matroni ana roho mbaya.

Kubwa zaidi ni watu. Utasema, "Nyumbani tunalala ndugu watano, nimezoea." Ndugu yako akikukera unamtupia mto, yamekwisha. Mgeni unamnyamazia wiki tatu, halafu mnakuja kugombana kwa kijiko! Mimi nilinuna karibu muhula mzima kwa sababu mwenzangu alikuwa akizungumza na simu usiku wa manane. Siku tuliyosemezana, kumbe na yeye kanuna: mimi natega kengele tatu za alfajiri, zinamwamsha yeye, mimi nakoroma.

Basi usiku ule ule wa kwanza semeni: taa saa ngapi, kufagia zamu ya nani, wageni mwisho lini. Ramadhani ikiingia mpange upya, maana si wote wanaamka daku wakati mmoja.

Naona mkono kule nyuma. Papa mkavu? Mchukue, mwanangu. Lakini waulize kwanza wenzio.