Jirani Aliyetangulia Kuingia

Ahsante, Mwenyekiti. Walimu wenzangu, wanafunzi, karibuni. Nimeombwa niseme Somalia iliingiaje Jumuiya ya Afrika Mashariki huku inavutana na Kenya juu ya bahari. Niruhusuni nizungukie Ulaya kwanza.

Kuna Ghuba ya Piran, kidimbwi tu mbele ya Ziwa Victoria letu. Slovenia na Kroatia zilikuwa ndani ya Yugoslavia hadi 1991, na mpaka wa majini haukuwahi kuchorwa. Slovenia ikatangulia kuingia Umoja wa Ulaya, 2004. Mwishoni mwa 2008 ikazuia mazungumzo ya kumpokea jirani yake. Kule, kama kwetu Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya, mwanachama mmoja akikataa basi tena. Kroatia ilisubiri hadi Waziri Mkuu wake, Jadranka Kosor, alipoafikiana na mwenzake Borut Pahor kwamba mpaka ukatwe na wasuluhishi. Walitia saini Stockholm, Novemba 2009. Waslovenia wakapiga kura ya maoni 2010. Waliokubali, asilimia 51.5. Hapo nusura! Kroatia ikaingia tarehe 1 Julai 2013.

Mwaka 2015 zikavuja sauti za msuluhishi wa upande wa Slovenia akizungumza kisiri kuhusu kesi na mwakilishi wa serikali hiyo hiyo. Kroatia ikajitoa. Uamuzi wa Juni 2017 ulipoipa Slovenia sehemu kubwa ya ghuba, Kroatia ikaukataa. Nani angeibana? Ilishakuwa ndani. Slovenia ikakimbilia Mahakama ya Umoja wa Ulaya. Januari 2020 ikaambiwa hilo halimo katika mamlaka yake.

Sasa turudi nyumbani. Somalia iliomba uanachama 2012. Mwaka 2014 ikaishtaki Kenya kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ikigombea zaidi ya kilomita za mraba 100,000 za bahari. Tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikaipa Somalia sehemu kubwa zaidi. Kenya ikasema haiitambui. Kumbukeni Kenya ni mwanachama mwanzilishi. Ingeweza kufanya kama Slovenia: mnataka kuingia, basi ikunjeni hukumu yenu. Haikufanya hivyo. Somalia ikatia saini hapa kwetu Uganda, Ikulu ya Entebbe, Desemba 2023, na Machi 2024 ikawa mwanachama kamili.

Wengi wanaisifu Kenya kwa uungwana huo. Mimi naona biashara na usalama vilikuwa na uzito zaidi kuliko bahari, na sisi Uganda, wenye askari Somalia tangu 2007, hatukuwa na hamu ya kuchelewesha mambo. Mkataba wetu nao, kifungu cha 3, unauliza utawala bora, ujirani, uchumi wa soko. Ugomvi wa mipaka haumo. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Wiki tatu hazijapita tangu Entebbe, Ethiopia ikaandikiana makubaliano na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru lakini Somalia inasema ni lake, kuhusu njia ya kufika baharini, na serikali ya Mogadishu ikawaka hasira.

(Msinitazame hivyo, najua tuna kisiwa chetu cha Migingo, Ziwa Victoria, tunachogombania na Wakenya.)

Ninachosema ni hiki: Somalia ilipokuwa bado mlangoni, Jumuiya ilikuwa na nafasi ya kuziambia zote mbili, Nairobi na Mogadishu, zikubaliane kwa maandishi namna ya kuishi na hukumu ile. Leo jambo hilo likipelekwa kwa Wakuu wa Nchi, ambao huamua kwa maafikiano, yeyote kati yao anaweza kulikwamisha.

Nakaribisha maswali.