Mkutano, muhtasari na muhuri: maneno kwa viongozi wapya wa vijiji

Shikamooni wazee, mama zangu habari za toka asubuhi, vijana mambo. Nimepewa nusu saa na mi ni mwalimu mstaafu, mnatujua tukishika kipaza sauti, kwaiyo naingia moja kwa moja.

Nyie mliokaa hapa mlichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, wengine wenyeviti wa vijiji, wengine vitongoji, wengine wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Na kila mmoja wakati anaomba kura alisema atapigania elimu. Sawa, utaipigania wapi? Mwalimu humwajiri wewe, mtaala hutungi wewe, ruzuku haitoki mfukoni kwako. Wengi wakishaliona hilo wanabaki kulalamika misibani na kwenye grupu la wasapu la kata. Mi nasema unavyo vitu vitatu, mkutano, muhtasari na muhuri, na hivyo ukivitumia vizuri kuna watoto hapa watamaliza shule ambao wasingemaliza.

Tuanze na mkutano. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa wananchi jamani, sio kwa mwenyekiti. Wazee mnakumbuka hizi serikali za mitaa zilifutwa 1972 zikaja kurudi kwa sheria za 1982, na kwa nyie wa vijijini ni Sheria Na. 7 ya mwaka huo. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, ndo wenye kauli ya juu kijijini na unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Sasa kuna vijiji mkutano ni siku mkuu wa wilaya anakuja, watu wanasikiliza, wanapiga makofi, wanatawanyika. Hayo ni mapokezi, usiyaandike kwenye kitabu cha mihtasari.

Kwa nini naung'ang'ania mkutano? Sababu ya michango. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, alafu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaleta elimu bila ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na 2022 wakaongezwa tano na sita. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, sekondari 25,000. Piga hesabu, shule ya watoto 600 ni milioni 6 mwaka mzima, humo kuna mitihani, michezo, ukarabati, haitoshi na wote tunajua haitoshi. Kwaiyo mchango utakuja tu, na mi sina ugomvi na mchango, madarasa ya kipindi kile cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mengi yamesimama kwa tofali zilizochomwa na wananchi wenyewe. Ugomvi wangu ni mchango uliopangwa na watu wanne ofisini, mzazi anaupata kwa mtoto kurudishwa nyumbani saa mbili asubuhi akafate mahindi ya uji. Mtoto kurudishwa kwa sababu ya mchango hairuhusiwi, serikali imeshalisema hilo mara nyingi. Wewe mwenyekiti ukisikia, huendi kumgombeza mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi (nawajua, mnapenda), unaenda na muhtasari, unauliza hiki kiwango kilipitishwa mkutano gani. Kama hakipo, kinasimama. Na hela iliyokusanywa isomwe, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni na yasomwe kwa mdomo pia maana sio kila mzee anasoma ubao.

Haya, muhuri. Hapa nitakaa kidogo.

Toka marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kila mtu kijijini anajua, na sababu wanajua ni miaka 30 ndo mana wanakimbilia kuyamaliza nyumbani. Baba wa kijana na baba wa binti wanakaa, zinatajwa ng'ombe, linaandikwa karatasi la makubaliano, alafu linaletwa kwako wewe mwenyekiti ugonge muhuri ushuhudie. Kisha binti anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, kesi hata kama ilifunguliwa inakosa shahidi. Ule muhuri usigongwe. Mimi siwezi kusema hili kwa upole, ukigonga umemuuza yule mtoto na umesaini. Peleka jambo dawati la jinsia na watoto polisi, na mapema, kabla shangazi hajakata tiketi.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho watu hawakioni, cheti cha kuzaliwa. Mahakamani lazima umri uthibitishwe, na binti hana cheti, mama anasema alizaliwa mwaka wa mafuriko. Watoto chini ya miaka mitano siku hizi wanasajiliwa kwenye ofisi ya kata na vituo vya afya, sasa wewe wa kitongoji pita nyumba kwa nyumba uwahimize, hiyo ni kazi ya haki kabisa hata kama haina picha ya kuposti.

Na wale waliokwisha kujifungua, toka Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi kwenye shule za kawaida. Wangapi wanarudi kwenu? Wengine hawajaambiwa, wengine nani atamlea mtoto. Liwekeni kwenye ajenda, msione aibu.

Mtu atasema binti amemaliza la saba, sio mwanafunzi tena, aolewe. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipeleka hilo mahakamani 2016, vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, akashinda, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba vile vifungu vinapingana na katiba. Kwaiyo usiambiwe ni mila tu.

Ardhi nitapita haraka. Maeneo ya shule yanamegwa, leo bomba la maji, kesho mtu kapanda migomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiwapi halmashauri ya kijiji ruhusa ya kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia, kwaiyo tunarudi palepale. Na wale wa baraza la kata mjue toka 2021 nyie ni wasuluhishi, hukumu za ardhi hamtoi tena, msiwapotezee watu muda.

Kuna baba ameuliza kwa karatasi, mtendaji wa kijiji akigoma kuandaa mkutano nifanyeje? Mzee wangu, mtendaji ni katibu, ameajiriwa, wewe umechaguliwa. Mwandikie barua yenye tarehe, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na kwenye kamati ya maendeleo ya kata wewe ni mjumbe, kaa pale uiseme iandikwe kwenye muhtasari. Ya mdomo watasema hukusema. Kuna mama pale nyuma kanyoosha mkono muda mrefu, mpeni kipaza sauti.