Nanga za Tezi na Nanga za Omo

(Mhadhara kwa vikundi vya somo la Biblia, Malindi)

Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti bado vipo huku mbele.

Mada niliyopewa ni kupata tumaini na ujasiri kwa Mungu kwa njia ya kusoma Biblia. Wanaonijua wameshajua naelekea wapi. Nimeyasema haya Muyeye, nimeyasema Kisumu Ndogo, nimeyasema Mayungu hadi watoto wameyakariri. Leo nitayasema tena, kwa sababu bado namwona mtu mzima akifungua Biblia kama apigaye ramli: anafumba macho, anaweka kidole, anasoma mstari mmoja, anafunga kitabu, anaondoka. Jioni anakuja kwangu kuniambia hana amani. Ataipata wapi?

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Yote, aya 44. Najua mmeizoea. Mhubiri huwa anatoa humo mstari mmoja wa Paulo kuwaambia watu wachangamke, anapiga makofi, tunaimba. Mimi nataka tuingie ndani ya merikebu yenyewe, maana hapa Malindi hatuna sababu ya kuisoma sura hii kama watu wa bara. Nusu yenu mmezaliwa na wavuvi.

Ni merikebu ya Iskanderia, imebeba ngano, inaelekea Italia. Ndani mna watu 276. Paulo ni mfungwa. Alimwonya akida, mkuu wa askari waliomlinda, kwamba majira ya kusafiri yamepita. Akida akaona heri amsikilize nahodha na mwenye chombo. Kila mvuvi hapa anajua maana ya kutweka tanga majira yakiwa yamekwisha. Upepo ukawashukia, wakaacha chombo kipeperushwe. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na mtu wa bahari asiye na jua wala nyota hana njia. Na hapa Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anaandika jambo ambalo nawaomba mlisome polepole: kwamba tumaini lote la kuokoka lilikuwa limekatika. Hasemi lilikatika kwa mabaharia. Hasemi lilikatika kwa wale wasioamini. Luka alikuwamo chomboni, naye anajihesabu.

Hilo peke yake lingetosha kwa leo. Dada yangu unayekuja kanisani na kuona aibu kwa kuwa tumaini limekwisha ndani yako, ukidhani wewe ndiwe wa kwanza: mwandishi wa Injili ameandika kwa mkono wake kwamba na kwake liliwahi kukatika. Huo mstari hamna kalenda inayouandika. Hutaupata kwa kuweka kidole. Utaupata ukisoma sura.

Tuendelee. Usiku wa kumi na nne, kama saa sita, mabaharia wanahisi nchi i karibu. Wanateremsha bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina: pima ishirini. Mbele kidogo wanateremsha tena: pima kumi na tano. Yaani kutoka kama mita 36 hadi kama mita 27, na giza ni totoro.

Baba yangu alikuwa mvuvi, hakujua kusoma. Nilipokuwa kijana nilikwenda naye usiku mmoja wa kusi, mto Sabaki umefurika, maji mekundu mpaka mbali, huoni chini hata pakiwa na mbalamwezi. Alinipa kamba na chubwi nipime. Nilitupa mara moja, nikataja, nikaanza kuikunja kamba. Akanikaripia: "Umepima mara moja, umejua nini? Kipimo kimoja hakikuambii unaelekea wapi." Nikatupa tena, na tena. Cha pili kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza, cha tatu kifupi zaidi. Hapo ndipo alipogeuza usukani. Kila nikimwona mtu na mstari wake mmoja, nasikia sauti ya baba. Umepima mara moja, umejua nini?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kwa kuogopa miamba, mabaharia wanatupa nanga nne. Wapi? Za tezi, yaani nyuma ya chombo. Wazee wa Kibokoni mlioko hapa, niambieni: nanga tunatia wapi siku zote? Omo, mbele! Chombo hutiwa nanga omo, kikageuka kuuelekea upepo. Hawa wametia tezi ili omo libaki limeelekea ufukweni, kukipambazuka wakate amari, zile kamba za nanga, na kwenda pwani moja kwa moja. Wametia nanga huku wakiwa tayari kuondoka. Wanaomba kuche. Hilo ndilo tumaini la Biblia nilijualo mimi: limekushika usiku usivunjike, na uso wako limeuelekeza alfajiri.

Lakini aya inayofuata inasema nini? Mabaharia wanateremsha mashua ndogo baharini wakijifanya kwamba wanakwenda kutia nanga za omo. Wanajifanya! Nia yao ni kutoroka na kuwaacha abiria wote kwenye miamba. Mtu wa bara akitazama angesema, ah, hawa wanatujali, wanatuongezea nanga. Kamba zipo mkononi, maneno ya kazi ndiyo yale yale, hata mwendo ni wa ubaharia. Aliyewatambua ni mfungwa Paulo, akamwambia akida: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake tupu.

Ndugu zangu, sisi tunaishi Malindi. Sina haja ya kuwaeleza Shakahola ni wapi. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni kule, watu walioambiwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Watoto walikuwamo. Tuliona magari yakipita. Tulisimama nje ya hospitali pamoja na watu waliotoka mbali kuwatafuta jamaa zao. Na mwaka huo huo mama mmoja alikuja darasani kwangu, akakaa nyuma, hakusema neno majuma matatu. La nne akauliza: "Mwalimu, na wao si walikuwa na Biblia? Basi unatwambia tusome tupate nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikaifungua sura hii, nikaona kitu nilichokuwa nimekipita miaka yote. Aya ya 33. Kunakaribia kucha. Paulo anawasihi watu wote wale chakula. Anawaambia, leo ni siku ya kumi na nne mnangoja na kukaa bila kula. Nawasihi mle, maana ni kwa wokovu wenu. Kwa wokovu wenu! Kisha yeye mwenyewe, mbele ya wote, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu, anaumega, anaanza kula. Anaanza yeye. Wote wakachangamka, nao wakala.

Juma lililofuata nilimsomea yule mama aya hizo nne. Nikamwambia: nanga za omo, mama. Kamba ilikuwa mkononi, maneno yalikuwa ya Biblia, na mashua ya kutorokea ilikuwa imeshateremshwa. Walipewa vipande vya Biblia kwa mkono wa mtu mwingine. Yule mama alilia, nami nililia. Hadi leo ndiye anayetusomea.

Najua kuna atakayesema: mwalimu, unapinga kufunga? Yesu si alifunga siku 40? Sipingi. Ninafunga. Lakini soma zaidi ya mstari! Binti Yairo alipofufuliwa, neno la mwisho la Yesu pale nyumbani ni kwamba apewe chakula. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka, ule, na mkate upo kwenye makaa, na maji kichwani pake. Akala, akalala, akaamshwa ale tena. Isaya 58, sura ya kufunga yenyewe, inauliza kama saumu aipendayo Mungu si kumgawia mwenye njaa chakula chako. Weka hizo pamoja na zile siku 40, pima mara nne, uone chombo kinaelekea wapi. Mwalimu anayekukataza kula huku yeye anakula, huyo yuko omo na kamba zake.

Mwingine atasema: sikusoma sana, Biblia yanishinda. Huyu namwonea huruma zaidi, maana hana kiburi. Mkushi wa Matendo 8 alikuwa mkuu wa hazina ya malkia, mtu wa elimu na gari, naye Filipo alipomuuliza kama yale anayosoma yanamwelea alijibu, yataniwezekanaje bila wa kuniongoza? Vasco da Gama alipofika hapa kwetu mwaka 1498, na meli zake kubwa na ramani zake, aliomba rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Kuomba rubani si aibu. Ila rubani mwema anakuacha uone bildi mwenyewe. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, Paulo huyu huyu, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo, na Luka akawasifu kwa hilo. Mchungaji akikasirika kwa sababu umekwenda nyumbani kuhakikisha alichohubiri, badili kiti.

Na tusijidanganye kuhusu muda. Jirani zetu Waislamu, mtoto wa miaka sita anakaa chuoni, yaani madrasa, kila siku, mwaka hata mwaka, anarudia herufi mpaka ulimi unanyooka. Sisi tunataka tumaini la dakika tano, la moto wa makuti. Warumi 15:4 inasema kwa saburi na faraja ya maandiko tupate kuwa na tumaini. Saburi imetangulia. Mwaka 2020, hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilipofungwa na sisi wote tukarudishwa nyumbani, nilikuwa na muda na sikuwa na unga. Nilianza kusoma Yeremia sura moja kila alfajiri kabla ya kwenda kutafuta kibarua. Sitawaambia kwamba kazi ilirudi, maana haikurudi. Nilichopata ni kwamba ile sauti ya saa tisa usiku, inayouliza watoto watakula nini, ilipata wa kuijibu.

Na Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, mstari wa kila kalenda na kila tuktuk ya mji huu: someni aya ya kumi kabla yake. Miaka sabini! Hanania, nabii wa sura ya 28, ndiye aliyeahidi miaka miwili, na watu walimpenda yeye. Yeremia aliwaandikia watu ambao wengi wao wangezikwa Babeli, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mnaona, tena kula. Nilitaka kukaa hapo nusu saa, lakini naona katibu ananionyesha mkono.

Basi nitaje tu Krapf, yule mmisionari Mjerumani, kwa vijana. Alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Aliendelea na Mwanzo aliyokuwa akiitia katika Kiswahili. Habari ya Rabai, alikoanzisha misheni, mnaijua. Ujasiri wake ulitoka wapi? Ningeanza kuutafuta katika kitabu alichokuwa akikipitia neno kwa neno, asichoweza kukiruka, maana mfasiri haruki aya.

Zaburi nilizoandaa tuziache. Waebrania 6 pia, ile nanga ya roho, nitaigusa kwa sentensi moja: nanga ikishaingia majini huioni tena, unaijua kwa jinsi kamba inavyokaza. Anayetaka kuiona ataivuta juu, na chombo kitakwenda mrama.

Swali moja niliandikiwa kwenye karatasi kabla hatujaanza: "Kama Mungu aliahidi hapotei hata mmoja, mbona merikebu ilivunjika?" Aliyeandika, asante, umesoma. Rudi aya ya 22. Paulo alisema tangu mwanzo, hapotei mtu, ila merikebu tu. Ilivunjika kama alivyosema, na aya ya mwisho inaonyesha wengine wakifika pwani juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya chombo. Huenda leo uko juu ya ubao. Wa Malta waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, na hao hawakuwa wa dini yao. Mengine tutazungumza wewe na mimi, usiondoke.

Sasa, tumebakiwa na robo saa, na sitaki kuimaliza kwa maneno yangu. Mama, njoo mbele. Aya ya 27, usiku wa kumi na nne, na usome polepole. Wengine fuateni kwa kidole. Nyuma kule, kama huna Biblia, sogea kwa jirani yako.